Upindo wa Vidole Vitatu

Bandarini nilibeba magunia miaka kumi na tisa.
Shingo bado inakumbuka uzito wa ngano,
kiganja bado kina sugu za kulabu.
Kisha makontena yakapanda treni,
nasi tukapewa barua na mkono wa kwaheri.

Wakesho, mke wangu, hakusema kitu.
Alikwenda kuniandikisha kanisani, Mikindani,
chumba cha nyuma, penye ngoma za kwaya na cherehani nne:
wanawake kumi na mmoja, na mimi.

Wiki ya kwanza sikuweza hata kutia uzi.
Tundu la sindano! Nikamkumbuka yule ngamia,
nikamhurumia kwa mara ya kwanza.
Kina mama walicheka, nikacheka nao,
uzi umelowa mate, sindano imelowa jasho.

Bi Penina Mghoi hamfokei mtu.
Mshono ukienda kombo, anaupapasa
kwa kidole chenye kastabini, anasema neno moja:
Fumua.

Nimefumua kola.
Nimefumua mkono wa shati nilioushona kinyume,
kana kwamba mwenye shati anatembea kinyumenyume.
Nimefumua mfuko hadi kitambaa kikabaki na vitundu
kama kimelala bila chandarua.
Na Jumapili, mchungaji aliposema tutubu,
nilielewa, baada ya miaka arobaini na minne ya kupiga magoti:
si kulia, si kujipiga kifua.
Ni kukaa karibu na dirisha
ukavuta uzi mmoja, kisha mwingine,
bila kuirarua nguo.

Jioni ile nilimpigia ndugu yangu Mwandawiro, Voi.
Miaka sita hatujasemezana, kisa ng'ombe mmoja.
Simu iliita, haikupokelewa.
Nikapiga tena.

Siku nyingine niliukandamiza mshono mbovu kwa pasi ya makaa
ukalala kimya kama mtoto aliyeficha kitu.
Bi Penina akaigeuza nguo, ndani ikawa nje.
"Huku wateja wanaona," akasema. "Na huku, nani anaona?"
Feni ilizunguka. Sikujibu.
Nilichukua wembe, nikafumua.

Usiku nawaza yale majani ya bustanini,
wale wawili na vazi lao la haraka.
Mungu aliwatoa nje, ndiyo,
lakini kabla ya lango kufungwa alikaa akawavika ngozi.
Alimpima kiuno nani kwanza?
Aliyefukuzwa alisimama vipi, mikono juu,
akipimwa na Yule anayemfukuza?
Namuwaza pia mwanamke wa Yafa.
Alipokufa, wajane hawakumwonyesha mtume sala zake.
Walimwonyesha kanzu.

Mwezi wa tatu nilipata shilingi mia mbili za kwanza.
Bi Swafiya wa ng'ambo ya njia alileta buibui
lililochanwa na mlango wa tuktuk.
Mshoni hachagui nguo.
Nilishona polepole, weusi juu ya weusi, macho yakiuma.
Akaniombea dua pale mlangoni, nami nikaitika amina.
Zile mia mbili zilinunua unga, na uzi wa kijivu.

Uzi wa kijivu, kwa sababu ya sketi ya Saru.
Binti yangu alikuwa akienda shule kiuno kimeshikwa na pini.
Nilikata kwa kipimo cha mwili wake, sawasawa, bila hasara,
kwani mimi nilizoea kuhesabu leo:
gunia la leo, ujira wa leo.
Bi Penina akaweka vidole vitatu chini ya chaki yangu.
"Ongeza. Acha upindo. Utaushusha mwakani."

Mwakani.
Tangu ile barua sikuwa nimelitamka neno hilo.

Nikapiga bandi, nikapinda, nikashona kwa mkono.
Saru alizunguka mbele ya kioo kilichopasuka,
akasema, Baba, inanikaa.
Hakujua kuwa mle ndani, pasipoonekana,
nimemwekea vidole vitatu vya mwakani.